Mteja Asiyepanda Dau

Niweke jambo moja wazi kabla hatujafika mbali: mimi siongei na paka. Watu wanaoongea na paka nawajua, nawaheshimu, wengine ni damu yangu kabisa, lakini mimi simo. Jambo la pili: ulimi wangu haujawahi kukwama. Nikiwa sekondari mwalimu wa Historia alinitoa nje ya darasa kwa sababu ya mdomo, nikasimama kwenye korido nikaendelea kuongea na mlango. Mlango, sawa. Paka, hapana.

Mdomo huu nimeurithi. Baba yangu ni mnadi. Watu wakihama, wakifunga duka, au wakishindwa kugawana samani za marehemu, vitu vinaletwa kwenye ghala letu nyuma ya nyumba. Siku ya mnada baba anapanda juu ya kreti, anashika nyundo yake ya mbao, anauza. Alikuwa na uwezo wa kumuuzia mtu meza ambayo mtu huyohuyo ameileta asubuhi, na mtu akaondoka anashukuru. Mama anapokea malipo. Shangazi, dada yake baba, anakaa katikati ya watu kuwachochea. Mimi nabeba vitu, na bei ikilala natupia kichekesho iamke.

Kwetu tumelelewa na kanuni mbili. Ya kwanza: kimya ni hasara. Mnadi akinyamaza hata kumeza mate, mteja anapata nafasi ya kufikiri, na mteja akishafikiri anarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo nyumbani kwetu pengo la maneno haliachwi wazi. Ukivuta pumzi katikati ya sentensi, mwenzako ameshaimalizia. Tunakula hivyo, tunagombana hivyo, nadhani hata baba na mama waliposana hivyo.

Kanuni ya pili: mkono ukipanda, umenunua. Hakuna cha "nilikuwa najikuna".

Ndiyo maana tuna paka. Liliwahi kuletwa kabati moja la nguo, kubwa, mlango umelegea. Baba alipolifungua ili watu waone lilivyo pana, kwenye droo ya chini tukamkuta paka wa rangi ya majivu, ncha ya sikio moja imekatika, kajilaza anawatazama watu kana kwamba wao ndio wanaouzwa. Kabati halikupata mtu. Baba hakuwa mtu wa kushuka kwenye kreti na aibu, akaamua kumnadi paka.

"Mlinzi wa usiku," alisema. "Hali sana, hachelewi kazini, haombi likizo. Mara ya kwanza. Mara ya pili."

Mama, aliyekuwa amesimama pembeni, akapandisha mkono kukaza kitambaa chake cha kichwa. Nyundo ikalia.

"Ameuzwa, kwa mama mwenye kitambaa cha kijani."

"Mume wangu, usinifanyie hivyo," mama alisema. "Nilikuwa nafunga kitambaa."

"Kanuni ni kanuni, mama watoto."

Umati ulicheka mpaka kiti kimoja kibovu kikapata mnunuzi kwa bahati mbaya. Paka akapewa jina la Mteja, kwa sababu kila siku ya mnada alikuja kukaa mbele kabisa, mkia umezungushwa miguuni, akasikiliza mwanzo mpaka mwisho na hakununua kitu.

"Wateja wa hivyo tunao tele," shangazi alisema. "Huyu angalau haulizi choo kiko wapi."

Kisha kiharusi kikampiga baba. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, anakunywa chai, anabishana na shangazi juu ya bei ya jokofu bovu. Kikombe kikainama mkononi, chai ikamwagika taratibu mezani, na kwa mara ya kwanza shangazi akamshinda kwa maneno. Hakuufurahia ushindi huo hata kidogo. Ndiye aliyemshika asianguke.

Hospitali walitusaidia, na hilo sitachoka kulishukuru. Baba alirudi akitembea polepole, mkono wa kulia mzito, uso umelegea upande. Akili yake ilikuwa ileile. Macho yalikuwa bado yanakupangia bei. Kilichopotea ni maneno. Akapewa mtaalamu wa matamshi, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, sisi tukamwita Daktari wa Maneno.

"Maneno hayajafa," alituambia. "Yamo ndani. Njia ya kutokea ndiyo iliyoharibika. Apite kila siku, njia itafunguka. Asipopita, majani yataota na mwisho hatutaiona tena. Ninyi kazi yenu ni moja tu. Akianza neno, msi..."

"Msimkatize," shangazi alimalizia.

"Msimmalizie," alisema daktari, akamtazama juu ya miwani.

Tukaitikia kwa vichwa kama watu waliosikia.

Mchana huo huo tumekaa mezani, baba akaweka kijiko chini. Akakusanya nguvu usoni.

"Ma..."

"Maji," mama alisema, ameshainuka.

"Maziwa," alisema shangazi. "Mtu mgonjwa anataka maziwa."

"Mafuta," nilisema mimi. "Machungwa. Magazeti."

Baba akatikisa kichwa. Akavuta pumzi. "Ma... ma..."

"Matatizo," nikasema. "Hayo tunayo, baba, usiagize mengine."

Tulicheka. Hata yeye alijaribu kucheka kwa upande wa uso uliokuwa bado unamtii. Mbele yake kukawa na glasi ya maji, kikombe cha maziwa na chungwa lililokwisha kumenywa. Hakugusa chochote. Hatukujua alikuwa anataka nini, na hakuna aliyejiuliza. Tulikuwa tumesaidia, tena kwa wingi.

Tuliendelea kusaidia hivyo kila siku. Akisema "cha", anapewa chai, chaki, chandarua. Akisema "ki", anavutiwa kiti na mtu keshamletea kisu. Neno la baba lilikuwa halijatoa kichwa mlangoni, sisi tumeshalipandishia dau. Na kadiri tulivyosaidia ndivyo alivyopunguza kusema, mpaka akabaki anaonyesha kwa kidole, kisha kidole nacho kikachoka. Siku moja nikakuta nyundo yake imo kwenye sanduku la vitu vya kuuzwa mnada ujao, kati ya pasi na saa isiyotembea. Aliiweka mwenyewe. Nikaitoa, nikaificha chini ya kitanda changu.

Daktari wa Maneno alipokuja alimtazama baba, akatutazama sisi. "Anazungumza kiasi gani hapa nyumbani?"

Tukanyamaza. Sisi, kunyamaza.

"Basi njia inaota majani," alisema, na hakusema kwa ukali. Afadhali angekuwa mkali.

Baba akawa anashinda ghalani. Kulikuwa na kiti kimoja kikubwa cha kitambaa, mgongo mrefu, cha mteja mmoja aliyekileta kiuzwe. Alikuwa anakigeuzia ukutani, anakaa, na Mteja anapanda kwenye stuli mbele yake. Sisi tukasema ni vizuri, apumzike.

Tatizo, kucha za paka hazijui mali ya mtu. Mama aliingia akakuta mkono wa kile kiti umechanwa nyuzi zote nje. Ikabidi kiti tukinunue sisi, na mama akatangaza hukumu.

"Paka huyu anaondoka. Nimenunua hasara mara moja, sinunui tena."

Mimi ni mtu wa suluhisho. Nikavuka barabara kwa muuza nafaka, baba wa makamo aliyefiwa na mkewe, mwenye duka la magunia na mizani, nikamsifia paka kama baba alivyomsifia. Mlinzi wa usiku, haombi likizo. Akakubali upesi kuliko nilivyotarajia.

"Panya wananisumbua," alisema. "Kesho nitakuja na boksi."

Kesho yake asubuhi niliingia ghalani kumtafuta Mteja, nimkague kama amependeza. Nikasikia sauti nyuma ya lile kabati la mlango uliolegea, ambalo mpaka leo halijapata mtu. Sauti nzito, inayokwama na kusukumwa, kama mtu anayehamisha jokofu peke yake. Nikachungulia.

Baba ameinama mbele. Mteja kakaa kwenye stuli, mkia miguuni, masikio mbele, lile zima na lile lililokatika.

"Ma..." alisema baba.

Mteja akamtazama. Hakumpa maji. Hakumpa maziwa wala chungwa.

"Ma... ma..."

Mteja akafumba macho polepole, akayafumbua. Hakuna aliyekuwa na haraka kwenye kona ile. Jasho lilikuwa linamtoka baba kwenye paji la uso.

"Mama," alisema. "Mama... wa... watoto."

Akarudia. Akarudia tena, safari hii kwa wepesi kidogo, kama mtu anayeonja kama chumvi imekolea. Halafu, labda kwa kufurahi, maneno ya kazi yakamtoka yenyewe mfululizo, hayajaguswa hata na ugonjwa: "Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu." Akapiga mkono wa kiti uliochanwa. Mteja hakupandisha mkono. Baba akacheka, kicheko chake chenyewe, kile cha kwenye kreti.

Nikarudi nyuma kwa vidole. Nikatoka nje nikakaa juu ya kreti. Lile neno la mezani. Baba alikuwa anamwita mke wake, sisi tukamletea machungwa.

Nikiwa bado nimekaa pale, geti likafunguliwa. Muuza nafaka, amewahi, ana boksi lenye matundu yaliyotobolewa vizuri na ndani katandika kipande cha sweta.

"Karibu, karibu," mama alisema akitokea jikoni. "Nitamkamata mwenyewe."

"Mama, subiri," nilisema.

"Nisubiri nini? Wewe ndiye uliyepanga."

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini umesahau kumpigia tarumbeta la kumuaga," alisema shangazi. Unaona wanavyonimalizia? Nilitaka kueleza, na nyumba yangu yote ikawa inanieleza.

Mlango wa ghala ukalia. Baba akatoka, anaburuta mguu, Mteja yuko nyuma yake. Akaona boksi. Akaliona na sweta lake. Akasimama katikati ya ua, akamtazama mama.

"Ha..."

"Hamjambo," shangazi alisema. "Anatusalimia."

"Hatujambo, mzee, habari za kuumwa?" muuza nafaka alisema kwa adabu.

"Hali ya hewa," alisema mama. "Ona jua lilivyo kali. Ingia ndani, baba, utachoka."

Na mimi nilikuwa nalo langu, liko kwenye ncha ya ulimi, zuri kweli, ua wote ungecheka. Baba akanitazama. Macho yale yalikuwa yameshaanza kushuka kwenye kreti.

Nikalimeza.

"Nyamazeni wote," nilisema. "Mnada umefungwa. Hakuna dau. Baba anaongea."

Sijawahi kumwambia shangazi anyamaze, na sina mpango wa kurudia. Alifungua mdomo, akaniona uso, akaufunga. Mama akasimama na mkono hewani. Muuza nafaka akakumbatia boksi lake.

Kimya kile kilikuwa kirefu. Mteja alikaa chini, akainua mguu wa mbele, akaulamba wote, akapumzika, akaanza wa pili. Kuku wa jirani alipita nje ya geti akaacha maoni yake. Nilijiuma shavu kwa ndani. Kunyamaza kunauma kama jino, asikudanganye mtu. Baba alikuwa anasukuma. Tulimwona anasukuma, na safari hii hatukwenda kumpokea mzigo.

"Ha...u...zwi," alisema baba.

Mteja akaacha kujilamba.

"Hauzwi," alirudia, sasa limetoka zima. Kisha akageuka kwa mama. "Mama... wa... watoto."

Kitambaa cha mama kilikuwa kimelegea. Hakupandisha mkono kukikaza.

"Wa... wako," baba alisema, akimwonyesha paka. Kanuni ni kanuni. Mama ndiye aliyemnunua.

Mama akakaa juu ya kreti. "Ile siku mezani," alisema polepole. "Ulikuwa unaniita mimi?"

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nikakupa maji." Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akamvuta baba kwa ule mkono mzito, akamkalisha pembeni yake kwenye kreti ambayo haijawahi kubeba watu wawili, na hakusema neno jingine. Shangazi akaenda kusafisha sufuria iliyokuwa safi.

Tukamsahau muuza nafaka. Aliweka boksi chini, akawa anakunja lile sweta.

"Tusamehe, ndugu yangu," mama alimwambia. "Tumekusumbua. Na panya wako je?"

"Panya sina," alisema.

"Si ulisema wanakusumbua?"

"Nilisema." Alikuwa analikunja sweta dogo, dogo zaidi. "Tangu mwenzangu aondoke, jioni nikifunga duka nasema, haya, tumefunga. Nasema hivyo kila siku. Nikaona nitafute mtu wa kuambiwa."

Nilimtazama mtu huyu ambaye napita mbele ya duka lake tangu sijaota ndevu. Mama hakumalizia chochote. Shangazi naye, kule kwenye sufuria, hakumalizia.

"Njoo... ka... kaa," baba alisema.

Akaja, na bado anakuja. Kila jioni anafunga duka, anavuka barabara, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa ghalani kwetu, anasema, "Haya, Mteja, tumefunga." Mteja anamtazama. Mzee wa watu anaridhika, anakunywa chai, anakwenda kulala.

Daktari wa Maneno tulipomsimulia hakushangaa hata kidogo. Alisema ameshaona mgonjwa aliyeanza na mbuzi, na mwingine aliyeanza na kasuku, akajuta. "Ukikwama neno, binadamu anakusahihisha au anakuhurumia," alisema. "Vyote viwili vinachosha. Mnyama hafanyi kimojawapo. Anakusubiri tu, na mbele yake hujioni mgonjwa." Akamkuna Mteja kichwani. "Sasa na ninyi mjifunze kazi yake."

Tunajifunza. Chakula kinapoa mezani kwetu siku hizi, kwa sababu baba akianza neno vijiko vyote vinashuka. Shangazi anakalia mikono, anasema ikiwa huru mdomo unaifuata. Mama anasema bado hampendi paka. Lakini kila siku kwenye sahani ya paka kuna samaki mdogo, na ukimuuliza anasema alibaki. Mtu mzima hanunui samaki makusudi ili wabaki, ila tumemwacha. Nyundo nilimrudishia baba. Akaigeuza mkononi, akaniangalia, akasema "Mwi... mwizi," nami nilisubiri neno hilo mpaka mwisho nikalipokea kama cheti.

Kesho kuna mnada. Baba atapanda kwenye kreti kuuza kitu kimoja tu, lile kabati. Tumekubaliana: asimame mbele ya watu, na akikwama, hakuna wa kumsaidia.

Leo mchana niliingia ghalani kufagia. Palikuwa kimya. Vitu vimepangwa, kreti imefutwa vumbi, kile kiti cha mgongo mrefu kimetazama ukuta kama kawaida. Mteja alikuwa kwenye stuli yake. Nilifagia. Nikafagia palepale tena. Ghafla nikajikuta nimeegemea fagio.

"Sikiliza," nilimwambia. "Usidhani naongea na wewe. Napita tu."

Mteja akageuza masikio.

"Kesho anapanda pale juu. Tulikuwa tunampoteza, unajua? Tumejaa nyumba nzima, tunapiga kelele, tunampoteza. Wewe hukufanya kitu. Umekaa tu, mvivu mkubwa wewe, ukamngoja." Nikapangusa pua kwa mkono wa shati. "Kwa hiyo nataka kukwambia a..."

Likakwama. Naapa, lilikaa kooni kama kabati kwenye mlango mwembamba. Mteja akafumba macho polepole, akayafumbua.

"A... a..."

"Alizeti?" ilisema sauti kutoka kwenye kiti.

Fagio likaanguka.

"A... sali?" ikaendelea sauti, polepole, inafurahia kila neno. Kisha kichwa cha baba kikachungulia pembeni ya ule mgongo mrefu, uso upande mmoja umelegea, upande wa pili unacheka. Alikuwepo muda wote.

"Asante," nilisema, na sijui nilikuwa namwambia nani kati yao.

Baba akaliacha neno likae. Halafu akachukua nyundo pajani, akajiweka sawa.

"Nina... si... siri hapa," alisema. Sikumsaidia. "Ya kijana... a... asiyeongea... na paka. Mara ya kwanza."

"Baba, tafadhali."

"Mara ya pili."

Macho yalikuwa yamenijaa, na ghala hili lina vumbi, kila mtu anajua. Nikapandisha mkono kuyafuta.

Nyundo ikalia.